Mwenye Nyumba Yuko Kortini, Je, Tuache Kulipa Kodi?

SWALI

Mama, pokea salamu kutoka Huruma, Nairobi. Ploti yetu ina orofa sita, vyumba 48. Choo cha chini kimeziba tangu Machi, maji taka yanapita mlangoni pa mwenye watoto wawili wa nasari, na bomba linatoa maji Jumanne usiku pekee. Tulitia saini barua, tukaipeleka kwa afisa wa afya ya umma. Mwenye nyumba alipewa notisi, akaipuuza, sasa ameshtakiwa. Keateka, mtunza ploti, anapita mlango kwa mlango akisema tuliotia saini tutatolewa mwisho wa mwezi. Mama mmoja wa orofa ya tano analia kila anionapo, anataka jina lake lifutwe. Vijana nao wanasema tusilipe hata senti hadi kesi iishe. Wengi tunalipa shilingi 2,500, wenye vyumba vya mbele 4,000. Tufanyeje?
Mpangaji, Huruma

JIBU

Mwanangu, uchungu wa vijana naujua, lakini kwenye kodi wamekosea. Kesi hiyo ni ya serikali na mwenye nyumba, na deni lenu la kodi liko palepale. Mkigoma kulipa mtakuwa mmempa sababu aliyokuwa akiitafuta: atamtuma dalali mwenye leseni abebe tivi na mtungi wa gesi, na sheria inaweza kumruhusu. Lipeni kwa M-Pesa, si mkononi mwa keateka, na ujumbe msiufute.

Nilipokuwa mpangaji Kayole, mwenye ploti yetu alikata maji akitaka tuhame. Nilinunua kauntabuku, kila asubuhi nikaandika tarehe na kama bomba limetoa maji, na jirani mmoja akatia saini kando. Mbele ya hakimu, mwenye ploti alisema maji hayajawahi kukosekana. Nilifungua daftari, nikasoma siku 41, moja baada ya nyingine. Hakunijibu neno. Anzeni lenu leo, na picha za hayo maji taka zipigwe kila wiki.

Sasa hao wa 2,500 na wa 4,000 msiwaweke kapu moja. Chumba cha makazi ambacho kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi kinalindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na mpangaji wake hatolewi bila amri ya jopo la kodi za nyumba. Jopo hilohilo linaweza kumwamuru mwenye nyumba afanye ukarabati. Wa 4,000 njia yao ni kortini, na kwa kuwa wanalipa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inawapa haki ya notisi ya mwezi mmoja. Itakeni kwa maandishi, maneno ya keateka mlangoni yasiwatoshe. Akija kufunga kufuli au kung'oa mlango bila amri ya jopo au ya korti, nendeni polisi siku hiyohiyo, mwandikishe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na mhifadhi nambari yake.

Kuna jambo hukulitaja, nami linaninyima usingizi: nguzo zenu zina nyufa? Hapo hapo Huruma, usiku wa mvua wa 29 Aprili 2016, jengo la orofa liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 45. Lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa na watu bado wanalala ndani. Najua mnachoogopa: mkiripoti ufa, ukutani itachorwa X nyekundu na mtalala nje na watoto. Choo kilichoziba mtakipigania mkiwa ndani. Nguzo ikipasuka, tokeni kwanza, kesi itawakuta mlikohamia.

Na huyo mama wa orofa ya tano, msimgombeze. Barua iliyokwisha kupokelewa hairudi, kwa hiyo jina lake halifutiki, na kumdanganya kwamba limefutwa ni kumwumiza zaidi. Barua ijayo andikeni majina kwa duara. Sisi tuligeuza sahani juu ya karatasi, tukachora, kila mtu akaandika jina lake kuzunguka mstari, na keateka hakuweza kujua nani alianza. Jioni hii pandeni kwake watatu, mumkalie mpaka chai iishe. Mmoja aache nambari yake ya simu, awe anayelala karibu naye, wa orofa ileile.