Ayida Wedo: mungu, jini au pepo?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu vodu ya Haiti. Inamtaja Ayida Wedo, nyoka ambaye ni upinde wa mvua. Nimeandika "mungu jike la nyoka ya upinde wa mvua" chini ya kichwa "Uchawi wa Vodu". Mwenzangu anataka "jini". Nani yuko sahihi?

JIBU: Jini liondoeni. Msomaji wa pwani akiliona ananusa ubani na kusikia kisomo, mambo ya pwani yetu, si ya vodu ya Haiti.

"Mungu" nalo lina kasoro. Wafuasi wa vodu Haiti wanamwamini Mungu mmoja, Bondye. Ayida Wedo na mumewe Danbala ni lwa, roho wanaotumikiwa na watu. Ukimwita mungu, unawazushia Wahaiti miungu wasiyodai kuwa nayo. Kwa Wafon wa Benin, wanaomwita Aido Hwedo, neno hilo lingekaa vizuri zaidi.

Neno letu la karibu kabisa ni pepo. Lwa humpanda mtu, naye aliyepandwa huitwa chwal, yaani farasi. Sisi pia husema pepo amempanda mtu kichwani, na aliyepandwa ni kiti. Kule farasi, huku kiti. Picha ni ileile ya kukaliwa. Hilo hunisisimua kila nikilifikiria. Lakini siku hizi pepo kwa wengi ni wa kukemewa, na lwa hakemewi. Danbala huandaliwa yai juu ya kichuguu cha unga mweupe, na akimpanda mtu, mtu huyo hujinyonganyonga sakafuni kama nyoka, hatamki neno. Kwa hiyo andika "lwa", ulieleze mara moja tu, kisha endelea nalo: lwa huyu, lwa hawa.

Sasa sarufi. "Jike" ni la wanyama. Kwa Ayida Wedo halina heshima. "Nyoka ya" iwe "nyoka wa". Hata hivyo "nyoka wa upinde wa mvua" husomeka kama nyoka anayemilikiwa na upinde, ilhali yeye ndiye upinde wenyewe. Andika "nyoka ambaye ndiye upinde wa mvua". Mvua ikikatika, "upinde umetokea" ni habari ya hali ya hewa. "Ayida Wedo ametokea" ni habari ya imani. Chagua mojawapo katika kila sentensi.

"Wa kike" si lazima kila mara. "Mke wa Danbala" yatosha. Wafon husema nyoka huyu ni mume na mke kwa pamoja, wekundu wa upinde ukiwa upande wa kiume na ubuluu upande wa kike. Kiambishi chetu a- kinambeba bila kumgawa, jambo ambalo lugha nyingi zingelitamani.

Na hicho kichwa, tafadhali kibadilishe. Serikali ya Haiti iliitambua vodu rasmi kuwa dini mwaka 2003, na Benin huiadhimisha kwa sikukuu ya taifa kila Januari. Andika "Dini ya Vodu".