Mhusika Huyu Alijifunza Wapi Kupenda?

Insha yangu ya kwanza kuhusu mapenzi katika fasihi ilirudi na swali la mwalimu pembeni: "Mhusika huyu alijifunza wapi kupenda?" Nilikuwa nimeandika kwamba mapenzi ni yale yale tangu zamani, yanabadili mavazi tu. Nyinyi mnaoanza masomo haya, lichukueni swali hilo. Limenifaa kuliko nadharia nyingi nilizokariri baadaye.

Anzeni na wahusika wanaosoma. Katika Jehanamu, shairi la Dante, Mwitalia wa karne ya 14, utenzi wa 5, Francesca anaeleza jinsi yeye na shemeji yake Paolo walivyokuwa wakisoma kisa cha Lancelot, shujaa aliyempenda mke wa mfalme wake. Walipofika penye busu, Paolo akambusu huku anatetemeka, na siku ile hawakusoma zaidi. Rudieni mistari hiyo mara tatu, nne. Hisia walikuwa nazo tayari, lakini kitabu ndicho kilichowaonyesha la kufanya. Tena walikifunga kabla ya kufika kwenye madhara ya penzi lile! Karne tano na ushei baadaye, Emma Bovary, mhusika mkuu wa riwaya ya Mfaransa Flaubert, Madame Bovary, anasoma riwaya za mapenzi kwa siri shuleni kwa watawa, kisha anaichukia ndoa yake kwa kuwa haifanani nazo.

Jambo la pili: tafuteni chanzo cha kisa. Shakespeare aliitoa Romeo na Juliet katika shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562. Katika dibaji, Brooke anawakemea wapenzi hao kwa kuwapuuza wazazi, na kwake penzi linachukua miezi. Shakespeare akaibana miezi hiyo ikawa siku chache, na kemeo akaliacha. Kwangu mimi, hapo ndipo penzi la ghafla lilipopata heshima tunayolipa leo. Hata hivyo, Juliet anamwambia Romeo kwamba anabusu kwa kufuata kitabu. Wengi huuruka mstari huo.

Kwa Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, msione haya kuhesabu pesa. Katika Pride and Prejudice, bwana Darcy hajakaa ukumbini dakika 5, tayari watu wananong'ona kuhusu pauni zake 10,000 kwa mwaka.

Mwisho, andikeni mnayoyaamini wenyewe kuhusu mapenzi, kisha mtafute yalikotoka. Mimi niliandika kwamba asiye na wivu hapendi. Nikaja kuikuta kauli hiyo kwa Andreas Capellanus, mwandishi wa karne ya 12: ni ya pili katika kanuni zake 31 za mapenzi.