Viola Davis: Tony mbili, Oscar moja

Mwigizaji Viola Davis ana Tony (tuzo za tamthilia za Broadway, New York) mbili, si moja kama wengine wanavyodhani. Ya kwanza aliipata 2001 kwa King Hedley II, kama mwigizaji msaidizi. Ya pili ni ya 2010 kwa Fences, safari hii kama mwigizaji mkuu, alipocheza Rose pale Broadway pamoja na Denzel Washington. Tamthilia zote mbili ni za August Wilson. Oscar, tuzo ya filamu, ndiyo moja, na ni kwa Rose huyohuyo, ila kwenye filamu ya Fences.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba Oscar hiyo ni ya mwigizaji msaidizi. Taratibu ndizo zinazotofautiana. Kwenye Tony huangaliwa kwanza bango: jina lako likiwa juu ya jina la tamthilia unahesabiwa mkuu, likiwa chini unahesabiwa msaidizi, isipokuwa kamati iamue vinginevyo. Kwenye Oscar wanaoamua ni wapiga kura, na studio humpigia kampeni mwigizaji kwenye kundi inaloona ana nafasi nzuri ya kushinda. Kwa maoni yangu Rose ni mhusika mkuu kokote umwekako.

Angalizo la miaka: filamu ilitoka Desemba 2016, tuzo ikatolewa Februari 2017, ndiyo maana utakuta miaka yote miwili imeandikwa. Emmy (tuzo ya televisheni, 2015) na Grammy (tuzo ya muziki na kazi za sauti, 2023) hazimo kwenye hesabu hii, na hiyo Grammy si ya kuimba, ni ya kusoma kitabu chake mwenyewe kwa sauti.