Oili Inapungua, Wala Haivuji

Swali: Ndugu Mhariri, nina Mazda RX-8 hapa Ngamiani, Tanga. Kila nikichomoa kijiti cha kupimia naona oili imepungua, ilhali chini ya gari hakuna hata tone. Fundi anataka kufungua injini. Nimruhusu?

Jibu: Msubirishe kwanza. Injini hiyo haina pistoni. Ndani huzunguka rota ya pembe tatu, na kila pembe ina sili nyembamba, yaani kizibo cha mwanya, inayosugua muda wote ukuta wa chumba inamozunguka rota. Ili sili hizo zisilike, pampu ndogo huchota oili kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuiingiza chumbani kidogo kidogo, ikizidisha kadiri injini inavyokwenda kasi, kisha oili hiyo huungua pamoja na petroli. Pima kila ujazapo petroli, uongeze panapopungua. Mimi ningeshtuka zaidi kama isingepungua kabisa, maana huenda pampu imekufa.