Kwa nini tafiti za maoni za Marekani hukosea: niliyoyaona nilipokuwa mpiga simu

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kampuni za utafiti za Marekani hulipwa ili zipike matokeo, kwa kuwa mwaka 2016 zilimpa Hillary Clinton ushindi na mwisho wa siku akaapishwa Donald Trump. Nitakujibu kwa yale niliyoyashuhudia, kwani mwaka huo nilikuwa na kibarua cha jioni katika kampuni moja ya utafiti mjini Columbus, Ohio, nikipiga simu na kuuliza watu watampigia nani kura. (Kwa ndugu zangu wa Tanzania: sizungumzii kura za maoni za kupata wagombea ndani ya chama. Hizo nazo Wamarekani wanazo, ila ni habari nyingine.)

Tuliingia saa kumi na moja jioni na kutoka saa tatu usiku. Kompyuta ndiyo iliyochagua namba, lakini za simu za mkononi tulizibonyeza wenyewe moja baada ya nyingine, kwa sababu sheria ya mwaka 1991 ilizuia mitambo kupiga simu hizo bila ridhaa ya mwenyewe. Maswali tuliyasoma neno kwa neno, na msimamizi alikuwa akisikiliza bila sisi kujua. Ukiongeza neno lako, unaitwa pembeni. Isitoshe, kampuni za namna hii hupata riziki kubwa kwa tafiti za kibiashara, za sabuni na bima, ambazo hakuna anayeweza kuzisahihisha. Utafiti wa uchaguzi ndio ambao jibu lake hutangazwa hadharani baada ya siku chache, na ukiukosea umejichafulia jina mbele ya wateja wote. Sasa nani angependa kupika hapo?

Tatizo ni kwamba watu hawapokei simu. Taasisi ya Pew, ambayo huchapisha takwimu zake wazi, ilipata majibu kwa 36 kati ya kila namba 100 mwaka 1997. Kufikia 2018 walikuwa wamebaki 6. Mimi kuna jioni niliyopiga simu zaidi ya mia moja nikaondoka na mahojiano manne. Bibi mmoja wa miaka 78 alinishikilia karibu dakika arobaini, akanisimulia na magonjwa ya paka wake, na kila jibu lake likaingia. Usiku huohuo mzee mwingine alinisikiliza mpaka nikamaliza kujitambulisha, akaniambia, “Andika unachotaka, si mmekwisha kuamua?” Akakata. Kwa mtu huyo nilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kubonyeza: amekataa.

Swali la kiwango cha elimu lilikuwa karibu na mwisho, na ndilo lililokuja kuumbua tafiti nyingi. Wenye shahada hukubali kuhojiwa kuliko wasio nayo, na mwaka ule Wazungu wasio na shahada walimwelekea Trump kwa wingi. Mtafiti anaweza kurekebisha hilo kwa kuyaongezea uzito majibu ya wale wachache aliowapata, lakini chama cha wataalamu wa fani hii kilipofanya tathmini mwaka 2017 kiligundua kwamba tafiti nyingi za majimbo hazikufanya hivyo. Kiligundua pia kwamba wengi walioamua dakika za mwisho waliangukia kwa Trump. Hapa kwetu Ohio tafiti zilionyesha anaongoza kwa asilimia tatu hivi. Alishinda kwa takriban 8.

Tafiti za nchi nzima, kwa upande wake, hazikukosea sana. Zilimweka Clinton mbele kwa asilimia 3 hivi, naye akapata kura karibu milioni 2.9 zaidi ya mpinzani wake, sawa na asilimia 2.1. Lakini rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo, karibu kila jimbo likimpa mshindi wake wajumbe wote, na Trump alizichukua Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura zisizofika 80,000. Vyombo vya habari vilizidisha mkanganyiko: New York Times ilipoandika kwamba Clinton ana uwezekano wa asilimia 85 wa kushinda, wengi waliisoma kana kwamba ndiyo kura atakazopata.

Nilidhani elimu ikishazingatiwa mambo yatanyooka. Mwaka 2020 wengi waliizingatia, na kosa likawa kubwa zaidi: Joe Biden alitabiriwa kuongoza kwa asilimia kama 8, akashinda kwa 4.5. Mwaka 2024 wastani ulikaribia ukweli, ingawa huko Iowa utafiti wa Ann Selzer, mtu aliyeheshimika mno katika kazi hii, ulimpa Kamala Harris uongozi wa asilimia 3, na Trump akashinda kwa 13.

Ndiyo maana bado namfikiria yule mzee. Umri, jinsia, rangi na elimu vinaweza kusawazishwa kwa sababu takwimu za sensa zipo. Kutowaamini wanaouliza maswali hakumo katika sensa yoyote, na mwenye hali hiyo hata swali la kwanza halisikii.