Je, Wastani wa Umri Ndio Kikomo cha Maisha Yangu?

SWALI: Katika matanga ya nyanya yetu huko Ahero, aliyefariki akiwa na zaidi ya miaka 90, msemaji mmoja alisema kuwa mwanamume Mkenya huishi miaka 60 na kidogo. Mimi nina miaka 58. Je, nimebakiza miaka miwili mitatu tu? Na nyanya aliipitaje hesabu hiyo kwa mbali namna ile?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ondoa hofu, ndugu msomaji. Takwimu uliyoisikia ni ya kweli, lakini haikuhusu wewe. Sensa ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa mtoto wa kiume anayezaliwa nchini Kenya anatarajiwa kuishi miaka 60.6, na wa kike miaka 66.5. Wastani huo huhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, na ndani yake wamo wote wanaofariki wangali wachanga. Chukua watoto wawili wa boma moja: mmoja anauawa na malaria akiwa na mwaka 1, mwenzake anafikisha miaka 81. Wastani wao ni miaka 41, ijapokuwa hakuna hata mmoja aliyefariki katika umri huo.

Sisi wa ukanda wa ziwa tunalijua jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa malaria na, hasa katika miaka ya 1990, Ukimwi viliwachukua watoto na vijana wengi mno hata wastani ukashuka, huku wazee waliokula chumvi nyingi wakibaki kuwazika wajukuu wao. Vyandarua na dawa za kupunguza makali ya virusi vilipoenea, wastani ulipanda tena. Na chanjo ya malaria, iliyozinduliwa Homa Bay mnamo Septemba 2019, inalenga watoto hao hao.

Wewe umekwisha kuvuka hatari za utotoni, kwa hiyo miaka yako huhesabiwa upya kuanzia 58, na mwanamume wa umri huo kwa kawaida bado ana zaidi ya miaka 10 mbele yake. Ama kikomo cha maisha ya binadamu ni suala jingine kabisa: Jeanne Calment wa Ufaransa, mwenye umri mrefu kuliko wote uliothibitishwa kwa hati, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Nyanya yenu, basi, hakuvunja kanuni yoyote.

Nakusihi badala yake ukapimwe shinikizo la damu na sukari katika zahanati iliyo karibu nawe, kwani maradhi hayo huweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili yoyote.