Madoa meupe: kumtenga samaki mmoja hakutoshi

Umesema samaki mmoja ana vidoa kama chembe za chumvi, anajisugua kwenye mawe, ukamtia kwenye ndoo na kumwekea dawa, huku wenzake ukiwaona wazima. Hao wenzake si wazima, na hiyo ndoo inaweza kumuua kabla ya ugonjwa.

Hakikisha kwanza ugonjwa. Samaki wa dhahabu dume aliye tayari kuzaliana hutoa vipele vyeupe vilivyojipanga kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani. Huyo haumwi, mwache. Utando kama pamba mara nyingi ni ukungu. Madoa yaliyotawanyika mwilini na kwenye mapezi ndiyo haya tunayoyasema, na kimelea chake ni Ichthyophthirius multifiliis.

Doa unaloliona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na humo dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka, hujishika kwenye changarawe au jani, kisha hugawanyika na kutoa mamia ya vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki. Vichanga hivyo tu ndivyo dawa inaweza kuviua. Kwa hiyo doa la kwanza likionekana, tangi zima limeshaambukizwa. Hamisha samaki wote kwenye tangi la karantini, yaani tangi la pembeni la kuwatibu kwa chumvi. Nisingependekeza kutia chumvi kwenye tangi kuu lenye mimea, konokono au kamba, maana itawadhuru. Liache bila samaki siku 14 kwenye nyuzi 28. Vimelea visipopata mwili wa kuingia hufa vyenyewe.

Sasa tangi la karantini. Lisiwe na changarawe. Weka hita, kipimajoto, filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa, na kipande cha bomba la plastiki cha kujificha. Sponji itoke tangi kuu, ikiwa na bakteria wake. Usiogope kuwa ina vimelea, samaki wanavyo tayari. Sponji mpya haina bakteria wa kula amonia, na amonia ndiyo inayoua ndani ya ndoo. Pima amonia kila siku: ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji ya joto lile lile yaliyoondolewa klorini. Kumbuka pia kwamba joto na pH (kipimo cha asidi ya maji) vikipanda, amonia ile ile huwa sumu zaidi.

Kujua lita, zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, ugawe kwa 1000. Sentimita 40 × 25 × 30 ni lita 30. Kwa gramu 2 za chumvi kwa lita, hapo ni gramu 60: zigawe mara tatu, gramu 20 kila baada ya saa 12, zikiwa zimeyeyushwa kwanza pembeni. Pima kwa mizani, kwa kuwa kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havilingani uzito. Ukitoa lita 10, rudisha lita 10 zenye gramu 20. Maji yaliyopungua kwa mvuke yajazie bila chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Wengi huzidisha kipimo hapo bila kujua. Kambare wadogo kama Corydoras wape nusu ya kipimo.

Kwa samaki wa maji ya joto, pandisha hadi nyuzi 28 au 30, nyuzi moja kila saa kadhaa. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, kwa hiyo ongeza hewa. Wakihemea juu ya maji, shusha joto kwanza.

Ukitumia dawa ya malakaiti ya kijani badala ya chumvi, toa kaboni kwenye filta, la sivyo itaifyonza yote. Methilini ya bluu, dawa nyingine, nayo huua bakteria wa sponji, basi ukiitumia panga kubadilisha maji kila siku.

Madoa hupotea baada ya siku chache, na hapo ndipo watu huacha tiba, kumbe vimelea vimedondoka kwenda kuzaliana tu. Endelea mpaka siku 14 zitimie, na doa likirudi katikati, anza kuhesabu upya. Kisha punguza chumvi kwa kubadilisha robo ya maji kila siku kwa siku nne kabla ya kuwarudisha. Wavu na mipira ya kunyonyea maji vianike vikauke kabisa. Kimelea hiki hakistahimili ukavu.